Karatasi Kumi na Moja za Damu

Bitiruti zilianza kuingia nyumbani kwangu Jumanne asubuhi. Wa kwanza kuleta alikuwa mke wa binamu ya baba watoto, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Aliweka tatu mezani, akasema ni za mtoto. Saa nne akafika senge, kama tunavyomwita shangazi, akiwa na fungu zima, pamoja na nusu kilo ya maini iliyofungwa kwenye gazeti. Saa saba bodaboda akashusha kikapu kutoka mji wa Matunda, kimetumwa na shemeji ambaye hatukuwa tumesikia sauti yake tangu Pasaka. Mimi nilikuwa uani nageuza mahindi kwenye turubai. Novemba ya hapa kwetu Likuyani haikuachi ukae: jua likitoka unaanika, wingu likijikunja unaanua. Nilimshukuru kila mmoja, nikawa napanga bitiruti kwenye karai, na nilipofika ya kumi na nne mikono ikasimama. Nani amewaambia watu hawa kwamba mtoto wangu ana shida ya damu?

Kitinda mimba wangu ana miaka 5. Ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huku tunauita sikoseli. Tuliujua akiwa na miezi 9, vidole vya mikono na miguu vilipovimba vikajaa kama vimeumwa na nyuki. Chembe nyekundu za damu yangu na yako ni za mviringo na huishi siku 120 hivi. Zake hujipinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na nyingi hufa kabla ya siku 20. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini hazizibi ndoo inayovuja chini. Yeye anahitaji penisilini asubuhi na jioni, asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria, maji mengi, sweta, na mama anayejua kumpapasa wengu chini ya mbavu za kushoto kila anapolegea, kwa maana damu inaweza kukimbilia humo kwa saa chache tu. Tangu mwaka jana anameza pia haidroksiurea. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mbale ni hapo ng'ambo ya Mlima Elgon. Kila nikifungua kopo la dawa huwa namkumbuka mama fulani wa Mbale, nisiyemjua, aliyekaa kwenye benchi na mwanawe siku nyingi ili wangu apate kidonge hiki.

Habari hizo bomani kwetu zilijulikana na wachache tu: mimi, baba watoto, guku (nyanya ya watoto, mama wa baba yao), na watoto wakubwa wawili. Hatukuwa tunaona haya. Tulitaka mtoto acheze mpira na wenzake bila kuitwa mgonjwa kila akianguka.

Jioni hiyo nilimuuliza kifungua mimba wangu. Ana miaka 20, anasomea mambo ya tarakilishi Eldoret, na wikendi hiyo alikuwa amekuja kusaidia kuvuna, akabaki mpaka Jumatano. Alikuwa anapukuchua. Niliposema neno "kikundi cha ukoo" gunzi likamtoka mkononi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Jambo lilianza kwa wema, na naomba hilo likumbukwe. Kijana huyu anapenda programu huria kama wengine wanavyopenda mpira wa Uingereza. Tarakilishi kuukuu tuliyonunua Moi's Bridge, iliyokuwa imekwama kabisa, aliifufua kwa kuiwekea Linux, na haikutugharimu hata shilingi ya leseni. Wiki ile ile alikuwa ametupa kisa jikoni ambacho kilinigusa hata mimi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye tarakilishi badala ya kutegemea madaftari peke yake. Wagonjwa wa Ukimwi walipojaa kliniki za Eldoret, mfumo ule ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wakaanza kusuka mwingine, wakauita OpenMRS, na Februari 2006 ukaanza kazi Eldoret. Msimbo wake ukatolewa bure kwa yeyote. Leo unatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, mfumo unaotumika kwenye vituo vingi vya afya hapa nchini, umejengwa juu yake.

"Mama," aliniambia, "hii ni kama nyumba ambayo kila fundi anaruhusiwa kuona ramani yake, apime kuta, aseme hapa pana ufa. Lakini kuona ramani si kuingia chumbani kwa mgonjwa."

Kutoka kwetu mpaka Eldoret ni safari ya matatu moja. Kusikia kwamba kitu kinachotumiwa na hospitali za mbali kilizaliwa kwenye barabara yetu wenyewe kulinitia fahari, na nikamruhusu afanye alichotaka: kuweka kumbukumbu zetu za afya kwenye ile tarakilishi, mahali pamoja, kwa tarehe, ili tusiwe tunapekua mkoba kila tunapoitwa kliniki.

Basi Jumapili, nikiwa kwenye kinu cha kusaga, alichukua simu yangu, kwa kuwa kamera yake imepasuka, akapiga picha karatasi 11. Akataka kujitumia mwenyewe. Kidole kikatua kwenye kikundi cha ukoo, ambacho hukaa juu kabisa kwenye simu yangu. Kina watu 86, kutoka Likuyani mpaka Mbale ya Vihiga, Nairobi, na binamu mmoja aliye Doha. Aliona kosa papo hapo. Akakimbilia kufuta, na hapo ndipo kosa la pili lilipolizidi la kwanza. Simu inauliza: ufute kwako, au ufute kwa wote? Mwenye pupa hubonyeza kabla ya kusoma. Alifuta kwangu. Picha zikatoweka machoni pake, akashusha pumzi, akanyamaza. Mimi niliporudi na unga, simu yangu ilikuwa safi. Simu nyingine 85 zilikuwa zimebeba nyumba yangu nzima.

Nisipoteze maneno juu ya hasira yangu. Yaliyofuata ndiyo yenye uzito.

Kwenye zile karatasi kulikuwa na majibu ya vipimo vya damu vya sote watano. Kitinda mimba: SS. Mimi: AS. Baba watoto: AS. Kifungua mimba: AA. Binti yetu wa miaka 14: AS, yaani mzima kabisa, ila amebeba nusu ya urithi ule. Mtoto hawi SS mpaka apokee nusu moja kwa mama na nusu nyingine kwa baba. Wawili wa AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa hivyo. Karatasi ilisema yote hayo wazi, lakini ukoo haukusoma hivyo. Mjomba mmoja wa baba watoto aliandika kwamba kwao damu hiyo haijawahi kuonekana. Mwingine akauliza mama wa mtoto alitolewa wapi. Kisha senge, katikati ya huruma yake ya kweli na maini yake, akamwambia binti yangu akiwa anaosha vyombo kwamba siku ya kuolewa awe mwangalifu asiseme neno hili upesi.

Binti hakujibu. Alimaliza vyombo, akavifunika, akaenda kulala bila kula. Nilikaa kando ya kitanda chake nikajaribu kumweleza kwamba AS si ugonjwa, na yeye akaniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Mama, mimi mbona sikuulizwa?"

Nimelifikiria swali hilo miezi mingi, na nina hakika nalo sasa. Picha ya mtu na nambari ya simu ya mtu ni vya mtu mmoja. Karatasi ya damu si ya mmoja. Jibu la mwanangu mdogo linawataja baba yake na mimi bila kutuuliza, linagusa waliotuzaa, linanong'ona habari za binamu ambao hawajawahi kunyoosha kidole kichomwe sindano. Anayeituma anatuma ukoo. Kwa hiyo idhini ya mama peke yake haitoshi, na idhini ya kaka mwenye nia njema ndiyo haitoshi kabisa.

Baba watoto ni mwalimu wa historia na uraia, na hasira yake hupitia vitabuni. Usiku huo alitoa Katiba ya 2010 na kutusomea kifungu cha 31, kinachompa kila mtu haki ya faragha, na kinachotaja waziwazi habari za familia kufichuliwa pasipo lazima. Akakumbusha agizo la 2015 la kukusanya orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na jinsi Mahakama Kuu ilivyosema Desemba 2016 kwamba kuunganisha majina na hali ya mtu namna ile kunavunja Katiba. Akaja kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Kijana akainamisha kichwa. Halafu baba mtu akafika kwenye kifungu cha 51, akasita, akasoma mara ya pili kwa sauti ya chini: sheria hiyo haigusi mambo ambayo mtu anayafanya kwa shughuli za binafsi au za nyumbani kwake tu.

Tukatazamana. Sheria inamfuata daktari, hospitali, kampuni, hata serikali. Ikifika kwenye mlango wa jiko, inavua viatu na kubaki nje. Ndani tulikuwa wenyewe.

Guku alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, anapukuchua, hakuwa amesema neno tangu jioni. Ana miaka inayokaribia 80. Alikuja hapa bi harusi mbichi kutoka Maragoli miaka ya 60, mashamba ya walowezi yalipokatwa na kugawiwa watu. Anasema walipanda lori na kuku, mbegu za mrenda na jiwe la kusagia, na usiku wa kwanza baridi iliwaliza. Sasa aliacha mahindi, akamwambia mwanawe:

"Andika hapo kwenye kikundi chenu kwamba kwetu iko."

Akatueleza. Kabla ya baba watoto, alizaa wawili ambao hatukuwa tumewahi kusikia habari zao. Wa kwanza alikuwa analia mikono usiku, analia miguu, macho yakawa ya njano. Alifika miaka 3. Wa pili hakufika miwili. Wazee walisema ni jicho la jirani, wakasema pia kwamba ni udongo mgeni haujawakubali. Yeye alilaumiwa, akanyamaza miaka zaidi ya hamsini, na alipoona vidole vya mjukuu wake vimevimba alivitambua siku ile ile. "Nilivitambua," alisema, "nikaogopa kwamba nikisema mtamkatia tamaa."

Hakuna atakayewapima watoto wale leo. Lakini nilipomsikiliza, jambo nililowahi kuelezwa kliniki lilipata sura. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekuwa amelelewa Kenya, alizunguka nchi hii akichukua sampuli za damu. Alikuta kwamba wanaobeba nusu ya urithi huu ni wengi karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria, wakizidi mtu mmoja kwa kila watano katika baadhi ya jamii, na ni nadra sana nyanda za juu. Alijiuliza sababu, na mwaka 1954 akachapisha jibu: nusu ile humkinga mtoto na malaria kali. Mbu ndiye aliyeilinda, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo damu ya guku haikuwa mbaya. Iliwavusha wahenga wetu huko bondeni walikouawa wengine, kisha ikapanda lori pamoja na kuku na jiwe la kusagia, ikaja huku baridini.

Baba watoto aliandika alivyoagizwa. Kikundi kilinyamaza siku nzima. Baadaye binamu wawili walinipigia faraghani kuniuliza kipimo kinafanywa wapi. Najua kuna watakaosema basi kosa la kijana lilileta heri. Mimi sikubali. Heri ililetwa na guku, kwa hiari yake, kwa kinywa chake, siku aliyoichagua. Binti yangu hakupewa siku ya kuchagua.

Tulivyokuwa tumechomwa, tukakimbilia upande wa pili. Kijana aliifunga tarakilishi yote kwa usimbaji, mtu asiweze kusoma kilichomo hata akitoa diski, na akaweka neno la siri refu analolijua yeye tu. Baba watoto alikusanya karatasi zenyewe, akazitia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ufunguo akautia kwenye mkufu wa funguo zake. Nikalala usingizi mzuri kwa wiki tatu.

Ijumaa moja ya Desemba, mtoto alinyeshewa akirudi kutoka kwa jirani. Saa sita usiku alianza kulia mgongo na paja, na mwili ulikuwa moto. Homa kwa mtoto wa sikoseli haisubiri mapambazuko. Baba watoto alikuwa matangani Vihiga, na ufunguo alikuwa nao. Kifungua mimba alikuwa Eldoret, simu imezimwa. Nilimfunga mtoto shuka mbili na sweta la baba yake, nikapanda bodaboda nikamkumbatia kati yangu na dereva, matope yakiturukia mpaka magotini.

Hospitalini walitupokea haraka, wakamwekea maji na dawa ya maumivu, wakachukua damu. Majibu yalipotoka, mhudumu wa zamu aliniuliza kwa upole: "Mama, hemoglobini yake ni 6.8. Kwa kawaida, akiwa mzima, huwa ngapi?"

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Kwa mtoto mwingine 6.8 ni hatari ya wazi. Kwa mtoto ambaye kila siku hutembea na 7 na kitu, huenda ni shimo dogo la kupita, na kuongezewa damu kuna madhara yake. Kwa mtoto aliyekuwa na 9 wiki iliyopita, maana yake ni kwamba damu inapotea mahali fulani sasa hivi. Nambari ya zamani ndiyo inayoipa maana nambari mpya. Na nambari ya zamani ilikuwa ndani ya chuma nyumbani, na ndani ya diski isiyofunguka, na kichwani mwangu palikuwa na kilio cha mwanangu tu.

Nilisimama kwenye korido nikampigia senge. Tulikuwa hatujasalimiana tangu siku ya vyombo. Alipokea mlio wa pili. Nikamuuliza kama zile picha bado anazo.

Alikaa kimya kidogo. "Ninazo. Nilitaka kuzifuta nikashindwa, nilikuwa namwombea nikiziangalia." Kisha akauliza, na hili sitalisahau: "Nikutumie wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu, senge."

Ilikuja moja tu, ile niliyoihitaji, ya kliniki ya Septemba: 7.4. Mhudumu aliisoma, akampapasa wengu, akakuta uko vilevile, akaamua wamtazame bila kumwongezea damu, wapime tena asubuhi. Asubuhi ilikuwa 7.0, na mtoto akaomba chai.

Nilirudi nyumbani na jambo moja limekaa sawa kichwani. Nilikuwa nimechukulia faragha kuwa ni ukuta, kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo ninavyokuwa salama. Ukuta ule ulimzuia mjomba mwenye maneno, na ulimzuia pia yule aliyeshika mkono wa mwanangu saa saba za usiku. Nilichotaka ni mlango, na mtu wa mlango anayejua afungulie nani.

Sasa kwenye mfuko wa sweta la mtoto kuna kadi iliyoshonewa ndani. Ina maneno machache: SS, kundi lake la damu, hemoglobini yake ya kawaida, dawa anazomeza, simu yangu. Hakuna la baba yake wala la dada yake. Karatasi za binti amekabidhiwa binti mwenyewe. Amezificha anapojua, na mimi siulizi. Senge alifuta picha zote kumi na moja mbele yangu, moja baada ya nyingine, akinionyesha kila moja.

Ilibaki tarakilishi. Kijana alikuja Krismasi akasema neno la siri zuri si fupi lenye alama za ajabu. Bora maneno kadhaa yasiyohusiana, ambayo mtu wa nyumbani anayakumbuka hata akiamshwa usingizini na mgeni hawezi kuyabahatisha. Tukatafuta maneno. Baba watoto akataja miji, akakataliwa. Mimi nikataja nyimbo za kanisani, nikakataliwa.

Guku alikuwa anasikiliza kutoka mkekani. Hajui kusoma simu, wala hataki. Akauliza kama majina ya ng'ombe yanafaa. Kijana akauliza ng'ombe gani. "Wote," akasema. "Tangu yule aliyetufia mwaka wa kwanza."

Kijana akavuta kiti karibu na mkeka. Binti akafunga mlango wa jiko, akazima redio. Guku alifumba macho, akaanza kuwataja polepole, kwa Kimaragoli, kila mmoja na rangi yake, na mkono wake ukiwapungia kama anawapitisha langoni. Alitaja wengi. Tulichagua sita, na mpangilio wake anaujua yeye, binti, kijana, baba watoto na mimi.